Yadi Mia na Themanini na Saba

Ujumbe uliingia saa nne na dakika saba asubuhi, siku ya Alhamisi.

"Fundi amemaliza kushona. Fuata nguo. Usifuate fundi."

Gatera aliusoma mara moja, akaufuta, akairudisha Samsung yake mfukoni. Nguo ilikuwa bunduki. Fundi alikuwa Sebineza.

Na Sebineza ndiye mwanamume ambaye Jumamosi angemposa Gentille.

Tuseme ukweli mapema ili tusije tukadanganyana. Jasusi huyu hodari, aliyewahi kukaa siku tatu ndani ya kontena akiwavizia wauza dhahabu ya magendo bila hata kukohoa, alikuwa anaumwa wivu. Si ule wivu mdogo wa kununa. Huu ulikuwa wivu wa kumfanya mtu mzima wa miaka thelathini na minne achemshe chai akasahau kutia majani.

Alikuwa ameegesha Camry ya kijivu kando ya eneo la viwanda la Jeffersontown, pembezoni mwa Louisville. Ilikuwa Agosti 2015, na joto lilikuwa limemlowesha shati mgongoni. Mkononi alishika darubini ya Nikon. Sikioni alikuwa na kisikilizio kilichounganishwa na kinasa sauti kidogo kama kifungo cha shati, alichokibandika chini ya meza ya fundi siku mbili kabla.

Mlango wa gereji ulikuwa wazi nusu. Sebineza alikuwa ameinama juu ya meza, akifuta kitu kwa kitambaa.

Kile kitu.

Wiki tatu kabla kilikuwa kimeingia humo kikiwa bunduki ya kawaida ya nusu-otomatiki, ya aina ambayo wawindaji wa Kentucky huiweka nyuma ya mlango. Sasa kilikuwa na mtutu mpya, mzito, wa chuma kisichoshika kutu. Triga ya zamani iliyokuwa ikikwaruza ilikuwa imetolewa, ikawekwa Geissele inayokatika laini. Kishikio cha mbele hakikugusa tena mtutu. Juu yake, darubini ya Leupold. Chini yake, miguu miwili ya kukunja. Ilikuja ikiweza kupiga sahani. Ilikuwa inaondoka ikiweza kupiga kizibo cha soda.

Mwenye kuileta alikuwa Wendell, askari wa zamani anayefanya kazi za kukodiwa. Aliyemkodi Wendell alikuwa Polycarpe, mwenye yadi ya magari yaliyotumika huko Buffalo. Polycarpe huyo alikuwa akisafirisha magari kwenda Afrika na kuingiza dhahabu kinyemela ndani ya viti vya yale yaliyorudishwa. Miaka ya nyuma, huko Kongo, aliwahi kuamuru kambi ya wakimbizi ichomwe moto. Kuna mtu mmoja aliyeuona uso wake usiku ule. Shahidi huyo angesimama mahakamani Buffalo siku ya Jumatatu.

Polycarpe alitaka Jumatatu ifike bila shahidi.

Jina la shahidi Gatera hakuambiwa. Ndiyo kanuni ya Idara, ofisi ya serikali iliyomwajiri: kila mtu anajua kipande chake tu. Kipande cha Gatera kilikuwa bunduki. Aifuate mpaka ijulikane mikono yote inayoishika, kisha mikono hiyo itiwe pingu pamoja.

Lakini yeye alikuwa anaangalia mikono ya Sebineza.

Mikono mitulivu. Haina haraka. Sebineza alifanya kazi kiwandani siku nne kwa wiki, na siku zilizobaki alitengeneza bunduki za wawindaji gerejini kwake, leseni zake zote zimetundikwa ukutani kwa misumari. Alikuwa akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini. Simu yake ikalia, akaiweka kwenye spika.

"Allô, chérie."

"Ulishakula?" Sauti ya Gentille ilimwingia Gatera sikioni moja kwa moja.

"Bado. Nimalize kwanza hii kazi. Donc kesho saa sita niko Columbus."

"Bon, minakungoya. Usikuye na mafuta ya mashini ku sura."

Wakacheka wote wawili.

Gatera alikitoa kile kisikilizio sikioni. "Ulishakula" ilikuwa yake. Kwa miaka miwili Gentille alimuuliza yeye hivyo kila mchana. Kisha Idara ikamtuma kazi ya miezi kumi na minne isiyo na simu, na aliporudi akakuta mtu mwingine ndiye anayeulizwa. Yeye na Gentille hawakugombana. Gentille alimwambia neno moja tu, mlangoni, bila hata kukasirika.

"Ulinyamaza."

Basi akaanza kuomba jambo la aibu. Aliomba Sebineza awe na hatia.

*

Ijumaa, saa sita na nusu mchana.

Uwanja wa shabaha ulikuwa nje kidogo ya Gahanna, upande wa Columbus ulio karibu na kiwanja cha ndege. Ndege zilipita juu zikiwa zimeshateremsha magurudumu. Gatera alilala kwenye majani nyuma ya uzio, Nikon machoni. Kinasa sauti sasa kilikuwa ndani ya sanduku la vifaa la Sebineza.

Wendell alifika na pikapu ya buluu, Ford F-150. Mrefu, kofia ya kijani, shingo nyekundu kwa jua.

"Umeipima?" aliuliza.

"Kama ulivyotaka," Sebineza alijibu kwa Kiingereza chake cha kiwandani. "Yadi mia na themanini na saba. Kutoka juu kushuka. Lakini watu wote huwa wanataka mia moja au mia mbili."

"Mimi nataka mia na themanini na saba."

Wendell alilala nyuma ya bunduki. Risasi tano, taratibu. Sebineza alikwenda kuleta karatasi, akaweka juu yake sarafu ya senti ishirini na tano. Matundu yote matano yalifunikwa.

Kisha fundi akatoa kadi ndogo na kalamu, akaandika. Ndivyo alivyofanya kwa kila bunduki iliyopita mikononi mwake: umbali, pembe, tarehe, jina la mteja. Kadi moja kwa mteja, nakala moja kwake. Ni utaratibu alioupata kwa baba yake, aliyekuwa akitengeneza saa Uvira.

Gatera alisikia zile yadi. Alizisikia kama unavyosikia redio ya jirani.

Alikuwa na kidude cha GPS chenye sumaku mfukoni, kikubwa kama kiberiti. Kazi yake ilikuwa kutambaa mita kumi na tano, kukibandika chini ya ile Ford, na kurudi. Dakika mbili. Angeweza kuifanya akiwa amefumba macho.

Wakati huohuo gari dogo jekundu liliingia kwenye maegesho.

Gentille alishuka.

Alivaa sare ya buluu ya nyumba ya wazee anakofanya kazi, kitenge kimefungwa kiunoni juu yake. Alimwendea Sebineza, akamtazama usoni, akatikisa kichwa, akashika ncha ya kitenge na kumfuta shavu. Mafuta ya mashine. Kumbe alikuja nayo usoni hata baada ya kuonywa.

Roho ilimuuma Gatera mpaka akauma majani.

Aliwatazama wakicheka. Aliwatazama wakibishana nani aendeshe. Walipoondoka aliingia kwenye Camry na kuwafuata, kona baada ya kona, hadi kwa shangazi yake Gentille, nyumba ya matofali yenye basikeli tatu uani. Alikaa nje akiwa na hakika kwamba fundi angepiga simu fulani, angepokea bahasha fulani, angefanya jambo lolote la kumtia hatiani.

Fundi alibeba magunia mawili ya mchele akaingiza ndani.

Simu ikatetemeka. Kostansia, mkuu wake, mwanamke wa Kigoma ambaye kadiri alivyokasirika ndivyo alivyozidi kuongea polepole.

"Nguo iko wapi?"

Gatera alitazama barabara kana kwamba ile Ford ingepita hapo.

"Gatera. Nguo. Iko. Wapi?"

Aliingiza mkono mfukoni. Kidude cha GPS kilikuwa humohumo.

"Imenipotea, Mkuu."

"Na wewe uko wapi?"

"Kwa fundi."

Kostansia alipumua. Kisha akasema jambo ambalo kanuni ilimkataza kusema.

"Basi sikiliza. Shahidi ni Theodosia."

Theodosia alikuwa mama yake Gentille. Mama Theodosia wa Black Rock, Buffalo, aliyekuwa akimwita "mwanangu" na kumwekea kipande cha nyuma cha kuku. Mama ambaye hakubadili salamu yake hata baada ya binti yake kubadili mchumba.

"Mtoeni nyumbani," Gatera alisema. "Sasa hivi."

"Tumemwomba. Amekataa. Amesema alishakimbia mara moja, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Siku ya posa ya binti yake hakimbii."

"Basi ahirisheni posa."

"Tukiahirisha, nguo itamsubiri Jumatatu kwenye ngazi za mahakama, na hapo hatuna pa kuanzia. Tuna kesho tu, siku tunayojua atakuwa uwanjani kwake. Nina watu wawili mtaani pale, na hawajui waangalie dirisha gani. Ungeifuata nguo, wangejua." Akakata.

Gatera alikaa na simu mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi hakuwa akimfikiria Sebineza.

*

Buffalo. Jumamosi, saa nane kasoro dakika ishirini.

Magari ya upande wa bwana harusi yalikuwa yamelala Columbus, yakatoka huko alfajiri, tisa kwa pamoja, yamefungwa utepe mweupe kwenye vioo. Yalipiga honi kutoka Erie mpaka yalipoanza kuuona mto Niagara. Sasa yalikuwa yamepangwa kwenye kona ya mtaa, abiria wakingoja kuitwa.

Nyumba ya Theodosia ilikuwa ya mbao, ya ghorofa moja, rangi ya krimu. Nyuma yake palikuwa na uwanja wa nyasi, kisha reli ya treni za mizigo zinazovuka kwenda Kanada, kisha viwanda vya zamani ambavyo havikuwa na kazi tena. Mahema mawili meupe yalikuwa yamesimamishwa, moja la wenyeji, moja la wageni, yakitazamana.

Gatera aliingia na suti nyeusi na fimbo wanayoshika wanaume kwenye posa, kama jamaa yeyote. Chini ya koti, Glock 19. Mfukoni, kipima umbali cha Bushnell. Alisalimia wamama, akainamia wazee, macho yakikagua kila kitu.

Macho yalisimama kwenye kiti.

Kiti kimoja chekundu cha mapambo, peke yake, katikati ya mahema mawili. Nje ya kivuli. Jua linakipiga.

Mshereheshaji alikuwa Jules, kijana wa mjini, viatu vyake vinang'aa mpaka unaweza kuchana nywele ndani yake. Mahema na viti vyote ni yeye aliyevileta, eti ni zawadi ya rafiki mfadhili.

"Ndugu," Gatera alimuuliza, "hii kiti ni ya nani?"

"Ni ya mama, grand frère. Batu bakishakubaliana, mama atatoka, atakaa pale, batu yote batamuona, tunapiga photo. Ni protocole."

Protokali!

Watu wa milima ya juu ya Uvira, ndio wenye posa hii, wangecheka kama wasingekuwa na adabu. Kwao mama wa binti hakai katikati ya wasemaji kama sanamu ya maonyesho. Hukaa hemani, katikati ya wanawake wenzake, na anayetaka kumsalimia humwendea huko. Jules alizaliwa Bukavu mjini, na mila ya mlimani aliijua kwa kutazama video. Kosa lile mtoto wa mlimani asingelifanya, wala mzee asingeliruhusu, ila mshereheshaji hapingwi kirahisi maana ndiye mwenye kipaza sauti.

Gatera aliinama kama anayefunga kamba ya kiatu. Miguu minne ya kiti ilikuwa imewekewa alama za rangi nyeupe kwenye nyasi.

Nani hupima kiti mpaka akakiwekea alama?

Simu ikatetemeka. Kostansia alikuwa ametuma picha: kadi ndogo, mwandiko safi. Wendell. Yadi 187. Kutoka juu kushuka.

Akampigia.

"Kadi mmeitoa wapi?"

"Kwa fundi."

"Mmemkamata?"

"Gatera." Sauti ya polepole kabisa. "Fundi ndiye aliyetupigia simu wiki tatu zilizopita. Aliona mteja hajui kulungu wala swala, anajua umbali tu. Tulimwomba aiharibu kidogo ile bunduki. Akasema mteja ataijaribu mbele yake, atagundua. Bila yeye tusingejua lolote."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungetafuta namna ya kutoamini."

Wivu ulimpanda upya, na safari hii ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu Sebineza alikuwa ameonekana mtu mzuri. Mtu mbaya angalau unaweza kumchukia kwa raha zako.

Alipiga moyo konde. Akasimama nyuma ya kiti chekundu kana kwamba anakinyoosha, akaficha Bushnell kiganjani, akazungusha macho.

Mnara wa kanisa. Mia mbili arobaini na moja.

Nguzo ya daraja la reli. Mia tatu na sita.

Paa la kiwanda cha karibu. Mia na kumi na tisa.

Ghala la matofali ng'ambo ya reli, ghorofa ya tatu, dirisha lisilo na kioo.

Mia na themanini na saba.

Hakuinua kichwa tena. Wendell angeweza kuwa anamtazama kupitia Leupold wakati huohuo, akimhesabia vifungo vya shati.

Alihitaji dakika kumi na tano kuzunguka reli na kupanda. Watu wa Kostansia walikuwa upande wa mbele wa mtaa; wakikimbia uwanjani, Wendell angewaona, angeteremka na kupotea. Ilibidi kila kitu kiendelee kama kawaida. Ilibidi Wendell aendelee kungoja.

Msemaji wa upande wa binti alikuwa Mzee Ruberwa, bingwa wa maneno, ambaye aliwahi kuifanya posa moja Louisville ichukue saa tano na wageni wakapiga makofi. Gatera alimwinamia, akambandika kifungo kingine cha kinasa sauti ndani ya ukosi wa koti kana kwamba anamtoa uzi.

"Mzee, usimalize mazungumzo mpaka nirudi. Mama Theodosia asikanyage nje ya nyumba. Ni uhai wake."

Mzee hakuuliza swali. Watu waliowahi kukimbia usiku hawaulizi maswali mengi.

"Bon," alisema. "Minajua ya kusema."

*

Gatera alitoka kwa kutembea. Alipovuka kona alikimbia.

Akiwa anakimbia alipiga namba ambayo aliapa hataipiga kamwe.

"Allô?" Sebineza, kwenye kona, ndani ya gari lenye utepe.

"Ni Gatera. Ile bunduki yako. Iko na ubaya gani?"

"Aiko na ubaya."

"Lazima iko na ubaya!"

"Minasema aiko. Niliifanya muzuri." Fahari ya fundi haifichiki hata kwenye hatari. "Ila iko muzito. Na ni murefu. Mu fasi ndogo itamusumbua. Juu ya nini unauliza?"

"Iko inaangalia Mama."

Gatera alisikia mlango wa gari ukifunguliwa.

"Kaa palepale!" alimwambia. "Ukikimbia, ataona. Kaa kama bwana harusi."

"Gatera..."

"Kaa!"

Alikata. Ghala lilikuwa na mlango wa chuma uliokatwa kufuli. F-150 ya buluu ilikuwa nyuma yake, imefunikwa turubai. Akavua viatu. Ngazi za zege, vumbi, kinyesi cha njiwa. Sikioni, sauti ya Mzee Ruberwa ilikuwa imeanza kupanda.

"Munakuya hapa na ng'ombe, tunashukuru sana! Munasema mutoto wenu iko muzuri, tunaona! Lakini batu ya Louisville, muko na haraka ya nini?"

Makofi. Vicheko.

Ghorofa ya kwanza.

"Hii binti munaomba, kuko mutu alitangulia!"

Kelele za furaha kwenye mahema. Ni mchezo wa zamani. Kila posa, msemaji wa binti huzua mchumba wa kwanza ili kuwatoa jasho wageni. Kwa kawaida mchumba huyo hana jina.

Ghorofa ya pili.

"Mutoto ya mulima! Alikunywa maziwa mu hii nyumba mbele yenu! Alikuwa anaita huyu mama, mama! Jina yake ni Gatera!"

Gatera alisimama katikati ya ngazi, mguu mmoja juu.

Kule chini vigelegele vilikatika ghafla. Watu walijua. Buffalo nzima, Columbus nzima, Louisville nzima ilijua.

"Kama iko, atokee tumuone!" msemaji wa wageni alijibu, sauti imemkauka.

"Atatokea! Tutamungoya!"

Uso ulimwaka moto, peke yake gizani. Akapanda.

Ghorofa ya tatu. Mlango hauna ubao. Wendell alikuwa amelala juu ya meza aliyoisogeza nyuma ya dirisha, kofia ya kijani imegeuzwa nyuma. Bunduki ilikuwa imesimama kwa miguu yake miwili juu ya mfuko wa mchanga. Haikutikisika hata kidogo.

Sikioni ikaingia sauti ya Jules, kwenye kipaza sauti, yenye haraka.

"Bon, bazee, batu bamechoka! Mama atoke sasa tupige photo! Mama, tafadhali!"

Mlango wa nyumba. Vigelegele. Theodosia alikuwa anatoka.

Bega la Wendell lilishuka. Alivuta pumzi, akaitoa nusu.

"Mama, rudi!" Mzee Ruberwa alinguruma. "Mutu alitangulia ajajibu! Utakaa aje mbele ya batu na posa mbili mu mukono?"

Idara ya serikali, yenye helikopta na mawakili, ilimwomba mama huyu akae ndani, akakataa. Mzee mmoja mwenye fimbo alimkumbusha adabu ya posa.

"Kweli, Muzee," alisema Theodosia. "Munisamehe." Mlango ukafungwa.

Wendell alitukana kwa sauti ndogo, akainua jicho kutoka kwenye darubini.

"Usijisumbue," Gatera alisema. "Hatoki tena."

Wendell aligeuka kama nyoka aliyekanyagwa. Alijaribu kuja na bunduki, na hapo ufundi wote wa Sebineza ukamgeuka. Mtutu mrefu uligonga fremu ya dirisha. Mguu mmoja ulinasa kwenye mfuko wa mchanga. Bunduki ya yadi mia na themanini na saba haikuwa na kazi kwa yadi tatu.

Aliiachia, akachomoa kisu.

Gatera hakufyatua. Risasi moja ingesikika uwanjani, na Jules angetoweka. Aliupokea mkono wa kisu kwa fimbo ya posa, Gatera akachanika mkono wa kushoto, fimbo ikavunjika. Akamkandamiza na meza. Wakaanguka wote, vumbi likapanda, njiwa wakaruka. Gatera alimpiga kiwiko mara moja chini ya sikio.

Mara ya pili.

Wendell akalala.

Pingu za plastiki. Simu.

"Mkuu. Nguo ninayo. Mvaaji analala. Mkamateni mshereheshaji, taratibu, kabla hajaweka kipaza sauti chini."

"Polycarpe?"

"Namba yake iko kwenye simu ya huyu. Amempigia mara nne leo."

"Tunaingia yadi ya magari sasa hivi." Kisha, kwa mwendo wa kawaida: "Umeumia?"

Gatera alitazama dirishani. Kule chini kiti chekundu kilikuwa tupu juani.

"Kidogo," alisema.

*

Aliporudi, mmoja wa watu wa Kostansia, aliyevaa kama fundi wa nyaya za simu, alikuwa akimwongoza Jules kando, mkono begani, kama marafiki. Wageni wengi hawakuona. Walikuwa wanatazama upande mwingine.

Walikuwa wanamtazama Gatera.

Suti ina vumbi. Mkono umefungwa leso nyekundu, ambayo asubuhi ilikuwa nyeupe. Mzee Ruberwa alikuwa amesimama, jasho linamtiririka, amezungumza dakika arobaini bila maji. Upande wa pili, Sebineza alikuwa kwenye kiti chake cha bwana harusi, mikono ile mitulivu imeng'ang'ania magoti.

"Huyu hapa," alisema Mzee. Hakuwa anatania tena. "Mutu alitangulia."

Hapo ndipo Gatera alipoelewa. Mchezo aliouomba ulikuwa haujafungwa, na wa kuufunga ni yeye. Jina lilikuwa limeshatajwa mbele ya mahema mawili. Bila neno lake, na maziwa ya kulifunga, posa isingeweza kuendelea. Angeweza kugeuka tu akaondoka, akaiacha ining'inie hapo, na hakuna ambaye angemlaumu. Tena alitamani kufanya hivyo. Alitamani sana.

Alitazama nyumba. Kwenye dirisha la jikoni Gentille alikuwa amesimama na mavazi yake ya posa, kiganja kimegusa kioo. Nyuma ya bega lake alikuwa Theodosia, mzima, akifuta macho kwa upande wa kitenge.

Gatera alikohoa.

"Nilitangulia, ni kweli," alisema. "Kisha nilinyamaza. Huyu hakunyamaza."

Watu walidhani anazungumzia mapenzi. Sebineza peke yake ndiye aliyeinua kichwa.

"Munipe maziwa," Gatera alimaliza. "Minamuachilia."

Mama Theodosia hakungoja mtu amtume. Alitoka mwenyewe, akakipita kiti chekundu bila kukitazama, akamletea Gatera chombo cha mbao kwa mikono miwili. Maziwa yalikuwa ya galoni, ya dukani, baridi. Aliyanywa yote.

"Mwanangu," Theodosia alimwambia polepole, asikie yeye peke yake. "Ulishakula?"

"Nitakula njiani, Mama."

Vigelegele vilipasuka nyuma yake. Hakugeuka. Getini Sebineza alimfikia mbio, bwana harusi mzima anakimbia, akamshika mkono ule mzima. Alitaka kusema jambo refu. Likamshinda.

"Iko inapiga muzuri, ao?" alisema mwishowe.

Gatera alimtazama. Shavuni, chini ya sikio, palikuwa na doa jeusi la mafuta ya mashine.

Angeweza kumwambia ajifute.

"Inapiga vizuri," alisema. "Rudi, wanakungoja."

Alivuka barabara, akaingia kwenye Camry, akafungua dirisha. Treni ya mizigo ilikuwa ikipita kuelekea Kanada. Simu ikatetemeka kabla hajawasha gari.

"Ripoti ya mwisho," alisema Kostansia. "Nguo?"

"Imekamatwa."

"Shahidi?"

"Yuko hemani na wenzake. Jumatatu atasimama."

"Na fundi?"

Gatera alitazama kioo cha nyuma. Mahema meupe, fimbo zimeinuliwa juu, watu wanacheza.

"Fundi anaoa," alisema, akatia gia.